Walisema Ni Pori Tu

Kijana wa langoni aliigeuza karatasi ili nijisomee mwenyewe, na kabla sijasoma neno hata moja niliutambua mwandiko. Ulikuwa wangu. Herufi zilizolalia kulia, mkia wa y uliojikunja kama ndoano, namna nilivyofundishwa na masista na nilivyojivunia nikiwa na miaka ishirini. Nyuma yangu, kando ya barabara, gari la kukodi lilikuwa limezimwa, na ndani yake, juani, lilikuwemo jeneza la Mama Mkubwa Felisita, dada yake mama yangu. Kabla ya kukata roho aliomba jambo moja tu: arudishwe Kasungwe, alazwe kando ya binti yake. Kasungwe ni kijiji. Nasema "ni" kwa ukaidi. Ukifika leo kutoka Kambove utakuta uzio, lango, na shimo la mgodi ambalo upande wake wa pili umefifia kwa vumbi.

"Pole sana, mama," kijana alisema, na kwa kweli alikuwa mpole, jambo lililonikasirisha zaidi. "Lakini hii karatasi ya dosye inasema pale hakuna makaburi. Angalia: namba makumi ine na moja, hakuna kintu. Na mwenyewe aliweka kidole." Aliweka ukucha wake chini ya alama ya buluu iliyofifia. Kilikuwa kidole gumba cha Mama Mkubwa. Mimi ndiye niliyekishika siku ile, nikakibonyeza kwenye wino, nikakipangusa kwa kitambaa. "Na huyu mwenye aliandika," aliendelea, akisogeza ukucha mpaka kwenye jina langu, "huyu Odilia, munamujua? Kama angali muzima akuye, aseme alikosa. Pengine bakubwa batamusikia."

"Simjui," nilisema.

Ilikuwa Jumanne. Tulirudi naye Lubumbashi, tukamzika jioni hiyohiyo katika safu ya makaburi mapya ambamo hakumjua mtu yeyote, kati ya mwanajeshi na mtoto mchanga. Njia nzima Papa Donati, mzee wa mwisho wa Kasungwe, alikaa nyuma ya gari akiwa ameweka mkono juu ya jeneza kama mtu anayemtuliza mnyama. Aliniuliza mara moja tu: "Balikatala juu ya nini?" Nikamwambia nitamweleza nyumbani. Tulipofika nyumbani nilijifanya nina kazi ya kupanga viti.

Mwaka nitakaousimulia ni mmoja. Sitaeleza nilizaliwa wapi wala nilikulia kwa nani. Hayo hayakumuumiza mtu. Nilikuwa nimemaliza masomo ya sekondari, shule ya msingi ya Kasungwe haikuwa na mwalimu, na Mama Mkubwa aliyekuwa akiishi huko alimwambia padri kwamba anaye mtoto mjini anayejua Kifaransa. Nilifika Septemba na sanduku moja. Alinipa chumba chenye dirisha dogo kama kitabu kilichofunguliwa, kitanda cha mbao, na kuta za matofali ya udongo wa kichuguu. Kule kwetu kichuguu cha mchwa hupita urefu wa nyumba, na watu hukichimba, hukanda udongo wake na kujengea. Jua la asubuhi lilipoingia, niliona ndani ya tofali chembe za kijani, jiwe la shaba, zikimetameta kando ya mto wangu. Nililala mwaka mzima nikiwa nimezungukwa na utajiri ambao watu wengine walikuwa tayari wameuchora kwenye ramani zao. Sikujua. Niliona tu kwamba zinapendeza.

Nyuma ya ukuta ule lilikuwa jiko, na masikio yangu yalilelewa na jiko lile. Mama Mkubwa alisonga bukari, ugali wetu, akiwa amekaa, sufuria kaibana kwa miguu, na wanawake walioleta sombe, majani ya muhogo ya kutwanga, walikaa kumzunguka wakisengenya kwa zamu. "Bwana yake alirudi?" "Alirudi, lakini akili ilibakia Likasi." Walicheka mpaka kinu kikasimama. Papa Donati alikuja karibu kila jioni kabla jua halijazama kunywa kikombe cha munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi, na alitusimulia historia ya kijiji kama mtu anayesoma mashtaka. Mababu zake walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakafukuta moto siku na siku, wakamimina shaba katika umbo la msalaba. Waliitoa kwenye mlima wa upara, ule usioota miti bali ua dogo la zambarau tu. Wakaja wazungu, wakavunja tanuru.

"Mzungu akasema: mlima ni yangu," Papa Donati alieleza, kidole kimoja kikipiga kikombe. "Bankambo betu bakasema: sawa, tutalima. Akasema: mahindi ni ya kambi ya bantu ba mugodi. Bakasema: sawa. Akachoka na mlima, akaenda, siye tukachoma miti, tukauza makala mpaka mapori ikaisha. Kisha bachimbaji ba maepe ya kuchimbia na mifuko bakatoka kila pahali, bakakuya na miziki na pombe yao ya lutuku. Tukasema: sawa, mukae. Nao bakafukuzwa. Unaona, mwalimu? Siye njo bantu ba kusema sawa."

"Na weye mwenyewe," Mama Mkubwa alimwambia, "leo nimekwambia munkoyo imeisha, ulisema sawa?"

"Hapana. Kwa munkoyo minakatala."

Nilicheka nao. Leo sicheki. Kila mara mlima ulipopata bwana mpya, Kasungwe ilipewa kazi mpya: kufua shaba, kulisha kambi, kuchoma makaa, kuwauzia wachimbaji maandazi. Na wasomi wa mjini wanaoandika kuhusu "vijiji visivyobadilika" hawajawahi kukaa jikoni kwa Mama Mkubwa. Kijiji kile kilibadilika zaidi ya mji wowote ninaoujua, na hakikuulizwa hata mara moja.

Lipo jambo moja ambalo lazima niliseme vizuri, maana kila kitu kinategemea hilo. Februari, mvua zikiwa zimenyesha sana, nilipita kando ya shamba la Papa Donati nikakuta mahindi yamepita kichwa changu, mabichi, yamebeba kama wanawake wenye mapacha. Nikapaza sauti kama mjinga wa mjini: "Papa Donati, shamba lako zuri! Sijawahi kuona mahindi kama haya!" Alisimama wima kama aliyepigwa kofi. "Ni pori tu, mwalimu," alisema upesi, akitazama huku na huku. "Ni pori tu." Kesho yake alfajiri nikakuta kikapu kimejaa mahindi mlangoni, kizito hata sikuweza kukiinua.

"Ulisifu shamba ya muntu?" Mama Mkubwa aliniuliza, mikono kiunoni.

"Nilisema tu ni zuri."

"Ku Lubumbashi njo munasifiaka bintu ya benyewe? Jicho yako ilibakia kule mu shamba. Sasa lazima ukule, itoke."

"Yote?"

"Yote. Na usigawie muntu."

Nilikula mahindi siku nne: ya kuchoma, ya kuchemsha, tena ya kuchoma. Wanafunzi wakanibatiza Mwalimu Mahindi. Ndipo nikaelewa kwamba katika kijiji kile hakuna mtu aliyesema kitu chake ni kizuri. Mwenye mbuzi mnono alisema ni mgonjwa. Mama aliyezaa mtoto mzuri alimwita "kale kabaya". Mwenye shamba alisema ni pori, na mgeni muungwana alijibu, "Eh, ni pori," huku wote wawili wakiliangalia kwa furaha. Waliogopa jicho, ndivyo walivyosema. Mimi leo naona zaidi ya jicho. Watu ambao kila walichokionyesha kilichukuliwa hujifunza kusema hawana kitu, na wakishalisema miaka mia inakuwa adabu.

Wafu nao walifichwa vivyo hivyo. Ng'ambo ya kijito palikuwa na msitu mdogo wa miti mirefu ambao haukuguswa hata wakati wa kuchoma makaa. Kasungwe ilizika humo, bila msalaba wala jiwe, na kila familia ilijua miti yake. Mbele ya mgeni msitu ule haukutajwa. Jumapili moja ya mwezi uleule niliofika, baada ya misa, Mama Mkubwa alinichukua huko, akafagia majani chini ya mti mmoja kwa tawi, akamwaga munkoyo kidogo. "Yoana," alisema, "huyu ni mutoto ya mudogo yangu. Anafundisha barafiki yako." Yoana, binti yake, alikufa kwa surua akiwa na miaka saba, wenzake wa rika moja walikuwa darasani kwangu, wamekuwa wakubwa, wananirushia vichwa vya chaki. Tulipokuwa tunarudi, Mama Mkubwa aliniomba bila kunitazama: "Ukiita majina asubuhi, ukifika pa jina ya Yoana, mwite naye. Mu roho tu, bantu basisikie." Nikafanya hivyo. Kila asubuhi, kati ya Veronika na Zakaria, nilinyamaza kidogo, na watoto walidhani napumua.

Basi kumbuka kwamba nilijua. Nilikuwa nimekula shamba la Papa Donati. Nilikuwa nimemwita Yoana tangu Septemba mpaka Julai.

Julai ndipo alipokuja Bwana Rejis. Mvua zilikuwa zimesahaulika, baridi ya kiangazi ilikuwa inauma masikio, mavuno yalikuwa yameshaingia ghalani na mabua yamechomwa. Wakati huo shamba na pori vyote ni majivu na vumbi. Sidhani walichagua mwezi ule kwa bahati. Bwana Rejis alikuwa mtu wa Lubumbashi, si mgeni wa kutoka mbali, na viatu vyake vilikuwa vyeupe, navyo vilibaki vyeupe kwa namna ambayo sikuielewa. Aliwaambia watu uwanjani kwamba Kampuni ya mgodi inataka tu kujua nani anakaa wapi. Kisha aliingia darasani kwangu, akasoma ubao, akatulia. "Mademoiselle," alisema, "uko na mwandiko ya minista. Minatafuta katibu." Akanipa kalamu yenye rangi nne, mpya, ya kubonyeza. Jamani, kalamu ile! Niliibonyeza usiku kucha: nyeusi, buluu, nyekundu, kijani. Mtu akitaka kujua Kasungwe iliuzwa kwa nini, sehemu yangu ilikuwa kalamu.

Fomu ilikuwa na safu tatu: namba, jina la mwenyewe, na kilichomo katika ardhi. Siku ya kwanza tuliandika nyumba, kazi nyepesi. Siku ya pili adhuhuri tulikaa kwenye ngazi ya kanisa tukila mkate na samaki wa kopo aliokuja nao, na Bwana Rejis, akijipangusa mafuta midomoni, aliniambia kwa Kifaransa, kama siri ya watu waliosoma, kwamba safu inayozungumza ni ya tatu. Mwenye shamba atapewa shamba kwingine. Mwenye pori hatapewa kitu, maana pori ni la serikali. "Na makaburi?" niliuliza. Makaburi yakiandikwa, alisema, huwa ni tatizo kubwa, kazi inasimama. Nikauliza kama watu wameambiwa haya. Alicheka bila ubaya. "Ukibaambia, bote batasema shamba. Siye hatuongeze, hatupunguze. Tunaandika vile mwenyewe anasema."

Nilikuwa na mchana mzima wa kuzunguka kijiji na kusema sentensi moja. Nilimaliza mkate wangu.

Siku ya tatu tulisimama mbele ya majivu ya shamba la Papa Donati. Yeye alikuwa amevaa koti lake la misa kwa heshima ya mgeni.

"Papa, hapa ni shamba yako?" Bwana Rejis aliuliza.

"Shamba gani, mukubwa? Ni pori tu."

"Haulimaka?"

"Tunajaribiaka, eh. Hakuna kintu inatokaka." Akanitazama kwa pembeni, macho yakicheka, maana tulikuwa na siri yetu ya kikapu. Alikuwa ananifanyia adabu. Alidhani nami namfanyia.

"Andika, mademoiselle," alisema Bwana Rejis. Nikaandika kwa buluu, kwa Kifaransa, na y yangu yenye mkia katika jina la baba yake: pori. Nikamshika Papa Donati kidole, nikakibonyeza.

Ikawa hivyo nyumba kwa nyumba. Pori. Pori tu. Pori, baba, unaona mwenyewe. Mwanamke mmoja aliyekuwa na miti kumi na miwili ya avoka, maparachichi, nyuma ya nyumba alisimama mbele yake akaificha kwa kitenge. Alijivuna mmoja tu, Ileri, mfanyabiashara wa makaa aliyekuwa amehamia kijijini miaka miwili tu na hakujua adabu ya watu. "Kutoka hapa mpaka kule kwenye kichuguu, yote ni yangu!" alipiga kelele. "Tia shamba, mwalimu! Tia tena shamba!" Watu walizibana pua kwa kucheka. "Huyu ataua mwili yake na kinywa," walisema. Ardhi aliyoionyesha haikuwa imewahi kuona jembe. Nikaandika shamba.

Namba arobaini na moja ilikuwa msitu wa ng'ambo ya kijito. Kwa kuwa shamba la Mama Mkubwa ndilo lililopakana nao, aliitwa yeye. Alikuja anafuta mikono, bado ina unga. Bwana Rejis alionyesha miti kwa kidevu. "Na kule mama, kuko nini?" Mama Mkubwa alinitazama. Nimeyarudia macho yale mara nyingi, na sikuona ombi ndani yake, niliona imani. Alikuwa ananikabidhi kitu, kama ulinzi. "Hakuna kintu," alisema. Nikaandika neno moja la Kifaransa, *néant*, lenye maana hiyohiyo: hakuna kitu. Herufi tano. Nilikuwa nimemwita Yoana asubuhi ileile.

Jioni jikoni aliniuliza, "Mu karatasi ulitia nini?"

"Nilitia vile ulisema."

"Muzuri." Akanimegea nyama kubwa kuliko ya kwake. "Ule muntu iko na macho mubaya. Afazali asijue."

Nikaila nyama ile.

Orodha ilibandikwa kwenye ukuta wa shule mvua za kwanza ziliponyesha: nyumba kwa nyumba, shamba kwa shamba. Ileri alipewa kipande kizuri kando ya barabara ya lami. Wengine walipewa vyumba viwili viwili vya saruji pembezoni mwa Lubumbashi, bila hata mahali pa kupanda kitunguu. Papa Donati alikuja kwangu na kofia mkononi. "Soma tena, mwalimu. Pengine uliruka mustari."

"Sikuruka, papa."

"Lakini ulikula mahindi yangu," alisema. Hakuwa ananishtaki. Alikuwa anajaribu kweli kuelewa, kama mtoto anayepiga hesabu iliyokataa.

"Mlisema ni pori, papa."

Akainamisha kichwa. "Kweli. Tulisema." Akawageukia wengine. "Ni kinywa yetu njo ilituua." Na neno hilo likawa historia rasmi ya Kasungwe. Wamelibeba miaka kumi na tisa. Wengi walikimbia vile vyumba vya saruji wakakusanyika mtaani Naviundu, karibu na mto, wakauza mkaa wa mafungu, nyanya, samaki wakavu. Na kila walipokutana kwenye msiba mtu alitikisa kichwa akasema, tulijiua wenyewe, adabu ilituponza. Mama Mkubwa alisema hivyo kuliko wote. "Mimi njo nilisema hakuna kintu," alikuwa akisema. "Nilimukana mutoto yangu." Alienda kuungama kwa padri kwa sababu hiyo. Aliungama dhambi yangu, akapewa rozari, akaisali. Nami nilikaa kando yake, mwalimu, mwandishi, mtu wa vitabu, nikamshika mkono nikamwambia asijilaumu.

Bwana Rejis nilikutana naye mara moja tu baadaye, kwenye hoteli ya Karavia, kwenye arusi, chini ya miamvuli kando ya maji. Alikuwa amenenepa vizuri. Alinikumbuka. "Ah, katibu wangu! Ule mwandiko!" Akaniletea kiti. Nikamuuliza kama wakati ule alielewa kwa nini watu walikuwa wakisema pori. Aliweka chini mfupa wa samaki. "Mademoiselle, hata mama yangu njo vile anasemaka. Ukimwambia kuku yake ni munono, anakuchinjia palepale kwa woga." Akacheka kwa mapenzi ya kweli kwa mama yake. Alijua. Alikuja Kasungwe kwa sababu alijua. Nani mwingine angeweza kuifanya kazi ile? Mgeni angeona miti ya avoka akaiandika. Ilihitajika mtu wa nyumbani ili asiione. Walihitajika wawili.

Alhamisi, siku ya pili baada ya maziko, wote waliobaki wa Kasungwe walikuwa uani Naviundu, chini ya turubai la buluu, saa tisa mchana. Wanawake walikuwa wakigawa bukari na sombe kwenye mabeseni. Papa Donati, ambaye sasa macho yake yana utando, aliweka kijiko chini. "Mwalimu. Ulisema utatueleza. Langoni balisema nini?"

Nikasema. Nilisema yote nikiwa nimesimama, kama mwanafunzi. Karatasi, mwandiko, na kwamba kijana alitaja jina langu nikasema simjui. Kisha nikasema la ngazi ya kanisa. "Niliambiwa siku ya pili. Niliambiwa wenye pori hawatapata kitu, na makaburi yakiandikwa kazi itasimama. Nilikuwa najua tangu kabla hujavaa koti, papa. Nikaandika."

Hakuna aliyelia wala kupiga kelele. Ningependa wangepiga. Mwanamke mmoja, aliyekuwa mwanafunzi wangu, alisema taratibu, "Eh, Mwalimu Mahindi," na jina lile ambalo lilikuwa la mchezo liliniingia kama msumari.

"Felisita alijuaka?" Papa Donati aliuliza.

"Hapana."

"Basi alikufa na kosa yenye haikuwa yake."

"Ndiyo, papa."

Alilisukuma beseni la chakula kando. Nilidhani ataniambia niondoke, na nilikuwa tayari, hata nilikuwa nimeshika mkoba. "Lete karatasi," alisema. Nikatoa daftari. "Hapana kuandika ki-Français. Andika vile minasema. Shamba ya Donati. Kutoka kijito mpaka kichuguu ya pili. Mahindi." Kichwa kiligeuka kulia na kushoto, ile desturi ya zamani, akitafuta kwa macho yasiyoona nani anasikiliza. "Mahindi muzuri," alisema kwa sauti ndogo, kama anayetukana kanisani. Kisha kwa nguvu: "Muzuri sana! Ilikuwaka inapita kichwa ya muntu! Kasungwe yote hakukuwa mwenye kunishinda! Umeandika?"

"Papa, jicho," mtu alimwonya.

"Mwenye jicho alishamaliza kula," alisema Papa Donati. "Atakula nini tena?"

Ndipo wakaanza. Yule mwanamke wa avoka alisimama, akapaza sauti: miti kumi na miwili, tamu, zenye siagi, si kama hizi za soko! Mwingine mihogo, mwingine mbuzi, mwingine kisima alichochimba na kaka yake. Walisemea pamoja, walibishana mipaka, walijivuna mpaka wapita njia wakasimama barabarani kuangalia matanga gani haya yenye makelele. Waliokuwa wakipiga kelele zaidi walikuwa wanalia. Niliandika kurasa na kurasa, na sijui karatasi hizi nitampelekea nani. Lango ninalijua. Nitaanzia hapo, na safari hii nikiulizwa jina nitalitaja.

Tukafika arobaini na moja. Sauti zilishuka. Mmoja mmoja walitaja wafu wao, kwa jina na kwa mti, mbele ya kila mtu, mchana. Niliandika Yoana. Papa Donati alikuwa akisikiliza kalamu.

"Tia na Felisita," alisema.

"Papa, Felisita hayuko kule. Tumemzika hapa, Jumanne."

"Mwalimu. Siku ile ulikuwa unaandika tu vile tunasema, ao hapana?"

"Ndiyo, papa."

"Basi andika vile minasema."

Nikaandika: Felisita, chini ya mti wa Yoana, upande wa kushoto. Kwa mara ya pili katika maisha yangu niliandika juu ya msitu ule jambo ambalo nilijua si kweli, kwa sababu mwenyewe ndivyo alivyosema. Safari hii nilibonyeza mpaka kalamu ikatoboa karatasi.